Tufe Dakika Kumi

"Ki."

Nikafumbua macho. Chumba kilikuwa bado giza, na binti yangu amenilalia mkono mpaka umekufa ganzi. "Ki," tena. Kasauti kadogo, kama ka panya anayejaribu jino. Kalitoka upande wa ukumbini, nikajua ni komeo la dirisha, na anayelifunga na kulifungua alfajiri yote ile ni mama mkwe wangu.

Nikajichomoa taratibu chini ya mtoto, nikaenda. Nilimkuta amesimama gizani na kanga begani, chupa ya mafuta ya kupikia mkono mmoja, unyoya wa kuku mkono mwingine.

"Hili ndilo litakalotuumbua," akaninong'oneza. "Mengine yote nimeyajaribu, yana adabu. Hili tu ndilo lenye mdomo."

"Mama, si lazima. Tuyafunge mapema, yasiguswe tena."

"Hebu nipishe. Kama ni kufa, tufe vizuri."

Akachovya unyoya, akalipaka komeo mafuta, akalisukuma. Halikulia. Akaniangalia kwa kiburi kama aliyemnyamazisha jirani mbea.

Siku hiyo ilikuwa siku yangu ya majaribio. Kwa miezi minane nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya kuongoza wageni katika mji wetu wa kale, mji wa bandari ambayo meli zake zimekwisha kuhamia gati jipya upande wa pili. Nilisomea darasa lile lile ambalo mchana nalifagia. Mwanzoni nilikuwa nasikiliza nimeegemea fagio mlangoni, mpaka mwalimu aliponigeukia: "Wewe, kama unafagia, fagia. Kama unasikiliza, kaa." Nikakaa. Sasa ilibaki ziara moja ya kutwa: vituo kumi na viwili, wageni wa kweli, na Mkaguzi nyuma yao na karatasi yake ya alama. Nikifaulu, navaa beji. Nikishindwa, fagio lingali pale pale nilipoliegemeza.

Na kituo cha kumi na moja kilikuwa nyumba yetu.

Kwenye kitabu cha viongozi inaitwa Nyumba ya Karani wa Forodha. Sisi tunaoishi humo tunaiita Kwa Ngazi, kwa sababu ya ngazi zake zinazomaliza watu magoti. Ghorofa tatu, uani kuna kisima, na roho ishirini na sita ukihesabu na kitoto cha chumba cha juu ambacho bado hakijashika shingo. Lakini mlango wake mkubwa, ule wa barabara ya mbele, ulipigiliwa misumari kabla mama mkwe wangu hajaolewa. Sote tunaingilia nyuma, uchochoroni. Basi zamani za kale mtu wa ofisi ya majengo akaja na daftari lake, akasimama mbele, akagonga mlango usiofunguka, akangoja, akaandika: gofu. Angezunguka nyuma, hatua sitini tu, angetukuta tunaanika nguo.

Kutoka daftarini neno hilo likaingia kitabuni, na kitabuni likazaa sentensi: "Gofu hili halikaliwi na mtu tangu kufungwa kwa bandari ya kale." Kiongozi husema maneno ya kitabu kama yalivyo. Neno likipungua, alama inapungua. Neno likipingwa mbele ya wageni, beji hakuna.

Tulipofika ukurasa ule darasani nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kuna watu wanakaa humo?"

"Daftari linasemaje?"

"Linasema hawapo."

"Basi hao watu ndio waliokosea." Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Halafu akanionea huruma, akaongeza: "Gofu ni daraja la jengo, mama, si tusi. Kiongozi hasahihishi daftari. Daftari lina wenyewe."

Wiki moja kabla ya majaribio niliwakusanya watu wa nyumba uani, nikawaeleza. Niliomba jambo dogo. Alasiri ile, kuanzia saa tisa na robo, kwa dakika kumi tu, nguo zisiwe madirishani, madirisha ya mbele yafungwe, redio zizimwe, mtu asipige hodi wala kumwita mwenzake ngazini.

Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele, akausimamisha ungo.

"Kwa hiyo unatuomba tufe," akasema.

"Dakika kumi tu, Mama."

"Tufe dakika kumi. Halafu tufufuke tukupikie."

"Mama, jamani."

"Nauliza tu, msomi wangu. Tangu niolewe humu nimezaa watano, nimezika mume, nimefua nguo za kujaza bahari. Leo mkwe wangu ananiambia sipo. Nikajitazame kwenye kioo kwanza, au na kioo kimeambiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyeniokoa ni Fundi Cherehani, mzee wa chumba cha chini upande wa mbele, ambaye mashine yake ndiyo saa ya nyumba nzima. "Mimi kufa nimezoea," alisema. "Kila shule zikikaribia kufunguliwa wateja wa sare wananizika mzima mzima. Dakika kumi si kitu. Nitaondoa mguu kwenye pedali, nitajilaza juu ya vitambaa. Lakini ukishaipata hiyo beji, kamba yake nitaishona mimi. Zile za ofisini hazina heshima."

"Na huyu je?" mtu akauliza, akionyesha binti yangu. Ana miaka mitano. Nyumba nzima inamwita Redio, maana anafunguka alfajiri na hajui kituo cha kufungia.

"Mama," Redio akauliza, "wafu wanaruhusiwa kupiga chafya?"

"Hawaruhusiwi."

"Na ikija?"

"Utaimeza," bibi yake akamwambia. "Sisi wengine tumemeza makubwa kuliko chafya."

Nilidhani amekataa. Lakini alfajiri ile nilipomwona na unyoya wake wa kuku, nilielewa kwamba alikuwa ameshakubali zamani, na kwamba yale maneno yalikuwa njia yake ya kukubali. Mume wangu, mwanawe, yuko safarini na lori wiki tatu kati ya nne. Anayenibembelezea mtoto nikiwa darasani ni huyu mama. Nikamshika mkono uliojaa mafuta. Akautoa.

"Nenda kaoge. Usije ukawaongoza watu na tongotongo."

*

Wageni wangu walikuwa walimu wastaafu, kumi na wawili, waliokuja na basi lao kutoka bara. Niliposema, "Habari za asubuhi, wageni wangu," wakajibu wote kwa sauti moja kama darasa la pili. Kiongozi wao alikuwa bibi mrefu mwenye bakora, wenzake wakimwita Mwalimu Mkuu na kumwogopa bado. Pamoja nao walikuwepo wanaume wawili ambao hawakufanana na walimu: mmoja ana kamera shingoni, mwingine ana daftari refu kwapani. Nikadhani ni watoto wa mmoja wao waliokuja kumsindikiza mzee. Nyuma kabisa alikuwa Mkaguzi, mtu mpole, viatu vinang'aa, kalamu sikioni.

Sitajisifu, lakini asubuhi ile niliiweza kazi. Kwenye lango la mji nilisema tarehe zote bila kutazama kitabu. Kwenye kisima cha mabaharia nilimsubiri Mwalimu Mkuu amalize kunisahihisha ("'Yaliyochimbwa' nini, binti? Maji hayachimbwi, kinachochimbwa ni kisima") nikamshukuru, nikasema tena vizuri, wote wakapiga makofi. Hata Mkaguzi alitabasamu, akaandika.

Kwenye ukuta wa forodha kuna mahali jiwe limeingia ndani, limelainika kama sabuni iliyotumika. Makuli walikuwa wakiegemeza bega hapo kabla ya kupanda ngazi na mzigo, mmoja baada ya mwingine, mpaka jiwe likachoka. Kitabu kinasema tu: "Ukuta huu umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa." Babu yake mume wangu aliliegemea jiwe hilo miaka yake yote ya ukuli. Mama mkwe alinionyesha siku ya kwanza nilipoletwa mjini kama bibi harusi, alinishika bega akalisukumiza pale, akasema, "Haya, umeingia ukoo." Nikayatamani maneno hayo kinywani. Nikasema mawe ya matumbawe na chokaa. Mzee mmoja, mwalimu wa hesabu zamani, akaliona lile shimo mwenyewe, akaweka bega lake. "Panakaa sawasawa," akasema, akashangaa. Wengine wakapanga foleni kujaribu. Mimi nikasimama pembeni nikingoja wamalize, mdomo umejaa maneno.

Tukala chakula cha mchana kivulini. Tukaona mizani ya kale, tukaona nyumba ya taa. Saa tisa na dakika kumi tukaingia barabara ya mbele.

Nimeishi nyumba ile miaka saba, lakini sijawahi kuifikia kutoka upande ule nikiwa na watu nyuma yangu. Niliiona kama wao walivyoiona. Chokaa imebanduka mabaka mabaka. Mlango mkubwa umepauka. Madirisha yote yamefungwa. Hakuna hata kitambaa kimoja.

Na kimya.

Sijui nikieleze vipi kimya kile. Nyumba ile haijawahi kunyamaza. Hata usiku kuna mtu anayekohoa, kuna ndoo, kuna kitoto cha juu. Nilitarajia wangepunguza sauti. Hakuna aliyepunguza, walizima. Nilijua kila mmoja alipo. Nyuma ya mlango ule, hatua nne kutoka kwenye bakora ya Mwalimu Mkuu, Fundi Cherehani alikuwa amelala juu ya sare za watu. Juu kidogo, dirisha la pili kushoto, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, binti yangu mapajani, kiganja chake karibu na mdomo wa mtoto kwa tahadhari. Kitoto cha juu lazima kilikuwa kinanyonya, maana ndiyo njia pekee. Watu ishirini na watano wamebana pumzi ili wa ishirini na sita apate beji.

Wageni wakajipanga. Yule wa kamera akapiga picha: mlango, madirisha, paa. Yule wa daftari akatazama saa yake.

"Kituo cha kumi na moja," nikasema. "Nyumba ya Karani wa Forodha. Jengo hili la ghorofa tatu lilikuwa makazi ya karani mkuu na familia yake." Sauti yangu ilikuwa imara, nilijishangaa. "Gofu hili halikaliwi na mtu tangu kufungwa kwa bandari ya kale."

Nilisema. Wala radi haikupiga.

"Mbona kizingiti kimelowa?"

Alikuwa Mwalimu Mkuu. Bakora yake imeelekezwa chini, kwenye jiwe la kizingiti, ambapo maji yalikuwa yamechuruzika kutoka chini ya mlango, mstari mwembamba unaong'aa. Nikaelewa mara moja. Fundi alikuwa amepiga deki chumba chake. Hakuna aliyemwambia apige deki. Alitaka tu, siku wageni wangu wanakuja, hata kama hawaingii, hata kama yeye hayupo, chumba kiwe safi.

"Pengine paa linavuja, Mwalimu," nikasema.

"Mvua imenyesha lini?"

Haikuwa imenyesha kwa wiki sita. Mkaguzi aliishusha kalamu kutoka sikioni.

"Kuta za chokaa ya kale," nikasema, na sijui maneno yalitoka wapi, "hutoa jasho, Mwalimu. Jengo likikaa muda mrefu bila watu, unyevu wa ndani hauna pa kwenda. Hushuka, hutokea chini. Ndivyo tunavyolitambua gofu."

"Aaa," wakasema walimu wote. Mwalimu wa hesabu akaitikia kwa kichwa, akatoa kijitabu chake, akaandika. Yule wa daftari naye akaandika.

Mwalimu Mkuu peke yake hakuandika. Aliliegemeza sikio lake kwenye mlango. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kule ndani, hatua nne kutoka kwake, mzee wa watu alikuwa anaushikilia moyo wake usigonge.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," bibi akasema, akajitoa mlangoni na kunitazama usoni, muda mrefu, kama mwalimu anayejua nani amenakili kazi ya mwenzake lakini kengele ya kutoka imeshalia. "Haya, binti. Twende unakotupeleka."

Tukaenda kituo cha kumi na mbili. Sikumbuki nilisema nini huko.

*

Nilipata alama tisini na nne. Mkaguzi aliniita ofisini, akanipa mkono kwanza, kisha beji. "Lile jibu la jasho la chokaa," alisema, "halimo kitabuni, lakini tutaliingiza. Nimekuongezea mbili."

Wale wanaume wawili walikuwa wamekaa pale pale ofisini, wanakunywa chai. Hawakuwa watoto wa mtu. Walikuwa wa ofisi ya majengo.

"La kumi na moja ndilo tulilokuwa tunalitaka," yule wa daftari alimwambia Mkaguzi, kama mimi sipo. "Kuna watu wako tayari kulikarabati hata kesho. Lilikuwa linangoja ukaguzi tu, kwamba ni tupu kweli. Sasa nimeliona kwa macho yangu, na kiongozi wenu amethibitisha."

Hapo ndipo. Mara nyingi nimerudi mahali pale kichwani mwangu, nikajisimamisha mlangoni na beji mkononi bado ina nailoni yake. Kulikuwa na nafasi. Walikuwa watu watatu, si umati. Ningeweza kusema, "Ndugu zangu, zungukeni nyuma." Maneno mawili tu: zungukeni nyuma. Yangenipotezea beji, lakini yangeingia masikioni mwao yakiwa bado moto.

Neno nililosema ni asante. Nikatoka.

Nyumbani walinipokea kwa vigelegele vya mwezi mzima, kana kwamba zile dakika kumi zilikuwa zimewalimbikizia sauti. Fundi alinivua kamba ya ofisini, akanivisha aliyoshona yeye, ya bluu, yenye pindo mbili. Redio alikuwa anamweleza kila mtu namna alivyokufa. Mama mkwe alinipakulia minofu yote, akakaa mbele yangu anitazame nikila.

"Ulituaga vizuri?" akauliza. "Ulitusema kwa heshima?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi." Akainyoosha beji kifuani mwangu kwa kidole kimoja. Hajui kusoma, lakini aliutazama ule mstari wenye jina langu kwa muda. "Marehemu baba mkwe wako angeiona hii, angesumbua barabara nzima."

Sikuwaambia. Nilijipa sababu. Kwamba ofisi za watu hao hazina haraka, jambo linaweza kulala miaka. Kwamba sasa nina beji, nitakutana na wakubwa, nitapata pa kusemea. Nilikuwa na matumaini, nayo nayajua yangu: yanafanana sana na uoga, ukiyatazama gizani huwezi kuyatofautisha. Siku tisa niliongoza wageni. Siku tisa, kila alasiri, nilisimama mbele ya nyumba yetu na kuisema sentensi ile, na watu wangu ndani wakinyamaza kila saa tisa na robo bila kuombwa tena, maana wameshazoea, na Fundi akisema imekuwa mapumziko mazuri ya mgongo.

*

Siku ya kumi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa uani nachota maji, beji ingali shingoni. Redio alikuwa ananiomba niivae hata nikifua. Wakaingia kwa nyuma. Mtu wa daftari, wa kamera, Mkaguzi, na kijana wa kupima mwenye futi ya chuma. Walikuwa wanaupima ukuta wa uchochoroni, futi ikawaongoza mpaka mlangoni, mlango uko wazi kama siku zote, na mbele yao nguo za watu ishirini na sita zimeanikwa.

Mtu wa daftari alisimama kama aliyeingia choo cha wanawake. "Nyie ni nani?"

Watu wakaanza kutoka vyumbani. Fundi na uzi mdomoni. Mama wa kitoto cha juu. Mama mkwe akashuka ngazi, ubavu mmoja kwanza kwa sababu ya goti. Aliniona, akawaona, akaiona beji yangu, akamwona Mkaguzi anavyoitazama ile beji. Mama yule hajui kusoma karatasi. Watu anawasoma.

Mtu wa daftari alifungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya kazi, si ya ukali. Kwamba tarehe fulani, saa tisa na robo alasiri, jengo lilikaguliwa, halikuonyesha dalili ya mtu, na kiongozi wa zamu alithibitisha mbele ya wageni kumi na wawili. Kwamba sheria iko wazi: waliokuwemo kabla ya ukaguzi wanaandikwa majina, wanasikilizwa, na hawatolewi bila kuonyeshwa pengine. Walioingia baada ya ukaguzi ni wavamizi, wana siku kumi na nne.

"Kwa hiyo naomba jibu moja tu," akasema, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Mmeingia lini?"

Waliniangalia mimi, wote, kisha kila mmoja akaangalia pengine, haraka, kama mtu aliyemwona mwenzake yu uchi. Nikajua wanafanya nini. Wakisema tumezaliwa humu, kiongozi wa zamu ni mwongo, na Mkaguzi yupo hapo hapo. Walikuwa wananinyamazia tena. Safari hii hakuna aliyewaomba.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua.

"Juzi," mama mkwe akasema.

"Juzi lini, bibi?"

"Juzi. Tumehamia juzi." Miaka arobaini na mitatu ndani ya nyumba ile, na aliitupa hivyo, bila kupepesa jicho, kama maji ya kuoshea vyombo. "Sisi watu wa kupita, baba. Tuliona patupu, tukaingia."

Fundi aliuma ule uzi ukakatika. Mtu wa daftari akaanza kuandika.

Mkaguzi alinisogelea, sauti chini, mtu mpole. "Na wewe, kiongozi? Unafanya nini huku na ndoo?"

Mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Mama mkwe alinikazia macho kutoka kwenye ngazi, na macho yake yalisema: shika ulichoshika, mjinga wewe, nimeshakilipia.

"Nimekuja kusalimia," nikasema.

Redio alikuwa amenishika gauni. Alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akamtazama yule bwana na kalamu yake, amekunja uso kama anavyofanya nikiruka mstari ninapomsomea. Akaliachia gauni langu, akasogea mbele ya watu wote, akasema kwa sauti:

"Siku ile tulikuwemo wote, ila Mama alisema tunyamaze."